Kulalamika rasmi dhidi ya taasisi, Mombasa: kuanzia siku ya tukio hadi jibu

Malalamiko mengi hayapotei kwa sababu mlalamishi alisema uongo. Yanapotea kwa sababu yalisemwa kaunta kwa sauti ya juu, meneja akatoka, akasema pole, akaahidi kulifuatilia, na mambo yakaishia hapo. Ofisi, iwe ni hospitali, shule, hoteli, benki au idara ya kaunti, haifuatilii kilichosemwa. Hufuatilia kilichoingia kwenye rejista. Kwa hivyo kazi yako ni moja: kumfanya mtu fulani mle ndani afungue faili lenye tarehe, ndani yake mkiwa na maombi ambayo itambidi ayajibu kwa ndiyo au la. Hasira yako ina haki yake, ila haina mahali pa kupigwa mhuri.

Mambo ambayo barua si hatua ya kwanza

Ikiwa umepigwa, umeshikwa kingono, umefungiwa chumbani au mtoto ameumizwa, hilo ni kosa la jinai na halingoji meneja arudi kutoka likizo. Nenda hospitali, kisha polisi. Kwa ubakaji au unajisi, fika hospitali ndani ya saa 72, na mapema kadiri iwezekanavyo, kwa kuwa dawa za kuzuia HIV zina dirisha hilo tu. Usioge wala usifue nguo. Zitie kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana plastiki hufungia unyevu na kuharibu ushahidi. Hospitali ya Coast General ina kituo maalum cha waathiriwa wa ukatili wa kijinsia. Simu 1195 ni ya visa hivyo na 116 ni ya watoto, zote bila malipo.

Kituoni, usiondoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Huwa imeandikwa pamoja na tarehe, na bila hiyo siku ya pili utaambiwa hakuna kumbukumbu ya kuja kwako. Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha yako, ni bure, kwa hiyo anayekuitisha hela ya fomu amekuongezea malalamiko ya pili. Kama aliyekutesa ni polisi mwenyewe, peleka malalamiko kwa IPOA, mamlaka inayosimamia mienendo ya polisi. Ina ofisi Mombasa na laini ya bure ni 1559.

Barua kwa mwajiri wa mkosaji inaweza kufuata baadaye, sambamba na kesi. Wakikwambia huwezi kulalamika kwao kwa sababu jambo liko polisi, waulize waliyasoma wapi hayo: nidhamu ya kazini ni jambo moja na jinai ni jambo jingine.

Siku ile ile

Kabla ya kulala, andika yaliyotokea. Daftari linatosha, au jiandikie ujumbe wa WhatsApp, kwa kuwa ujumbe hubeba tarehe na saa yake. Andika ulifika saa ngapi, ulisimama wapi, nani alisema nini, nani alikuwa karibu, uliondoka saa ngapi. Maneno yaandike yalivyotamkwa, hata kama ni matusi ya nguoni unayoona haya kuyaweka kwenye karatasi. "Alinitukana vibaya" haimwambii msomaji kitu, kwani mshtakiwa atajibu kwamba alisema tu "subiri, mama". Kama tusi lilisemwa kwa Kigiriama, Kidigo au Kiingereza, liandike kwa lugha hiyo kisha ueleze maana yake.

Saa huwachanganya watu kuliko inavyodhaniwa. Ukiandika "saa nne" peke yake, karani anayejaza fomu ya Kiingereza anaweza kuweka 4:00, kamera zikafunguliwa za alasiri, na ukajibiwa kwamba hakuna kilichoonekana. Andika "saa 4:40 asubuhi, yaani 10:40" na usione aibu kurudia hivyo kila mahali.

Risiti ni jambo la kushughulikia haraka. Risiti za mashine huchapishwa kwenye karatasi ya joto. Ikikaa kwenye pochi au kwenye dashibodi ya gari kwa joto la Mombasa, maandishi hufifia, na baada ya miezi michache umebaki na kipande cheupe. Pitia saiba siku hiyo hiyo, utoe fotokopi mbili na uipige picha. Kama ulilipa kwa M-Pesa, ujumbe wake unashinda mashahidi wengi: una jina la biashara, kiasi, tarehe na dakika. Usiufute.

Jina la aliyekukosea ni zuri ukilipata, lakini usikwame ukilikosa. Ofisi ina orodha ya zamu. Ukitaja dirisha, saa, jinsia, mavazi na kama alikuwa na beji au la, wenyewe wanajua ni nani. Kwa mlinzi wa getini tazama nembo begani, kwa kuwa mara nyingi ameajiriwa na kampuni ya ulinzi na si na jengo lile. Basi barua itakwenda kwa wote wawili, wasije wakatupiana. Kwa matatu, nakili nambari ya gari na jina la sacco, yaani chama cha ushirika cha wenye matatu. Sheria inamtaka kila mwenye matatu awe ndani ya sacco au kampuni, kwa hivyo daima yuko mtu wa kuandikiwa.

Jina la biashara nalo lina mtego wake. Kibao cha nje kinaweza kusema hivi na kampuni inayomiliki ikawa na jina jingine kabisa. Tazama leseni ya biashara iliyotundikwa ukutani au sehemu ya juu ya risiti, na uandike majina yote mawili.

Mashahidi: chukua nambari ya simu, na uliza kama wako tayari kutajwa. Usimtaje mfanyakazi wa hapo hapo bila ridhaa yake. Utampoteza yeye, na ushahidi wake utaondoka naye.

Kamera za CCTV

Hapa ndipo malalamiko mengi mazuri hufia. Mitambo ya kamera hujiandika juu ya picha za zamani nafasi inapojaa, mara nyingi ndani ya wiki chache. Ukingoja umalize barua ndefu, picha zimekwenda. Tuma ombi fupi kando, siku ya kwanza au ya pili, kwa barua pepe au kwa mkono, kwa maneno kama haya:

"Naomba muhifadhi, bila kufuta, picha za kamera zinazoonyesha dirisha la malipo namba 2 tarehe 14 Januari 2025, kuanzia 10:30 hadi 12:15, kwa sababu nawasilisha malalamiko kuhusu tukio la wakati huo. Naomba pia nakala ya sehemu ninayoonekana, kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019."

Picha yako ni taarifa yako binafsi, na kanuni za 2021 zinampa mwenye kuihifadhi siku 7 kujibu ombi la kuiona. Watakwambia kuna watu wengine kwenye picha. Jibu ni kwamba sura zao zaweza kufichwa. Wakikataa kata kata, Ofisi ya Kamishna wa Data hupokea malalamiko kama hayo na sheria inaitaka iyamalize ndani ya siku 90. Hata wakikunyima nakala, ombi lenyewe limefanya kazi: wakija kusema baadaye kwamba picha zilijifuta, wameambiwa mapema wasizifute, na ushahidi unao.

Nani wa kumwandikia

Andika kwa cheo, si kwa jina, na kwa ngazi moja juu ya aliyekukosea. Ukimwandikia yule yule, barua inaishia kwenye droo yake. Ukimwandikia waziri, inarudishwa chini mwezi mzima baadaye ikiwa na maandishi pembeni, "shughulikieni".

Kwa ofisi ya serikali au ya kaunti, tafuta ubao wa ahadi za huduma, ule mkubwa ukutani karibu na mlango wenye safu za huduma, mahitaji, gharama na muda. Watu husoma safu ya gharama tu na kupita. Shuka hadi chini kabisa: ndipo panapoandikwa malalamiko yapelekwe kwa nani, pamoja na anwani ya Ofisi ya Ombudsman, yaani CAJ, tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Piga picha ubao mzima. Ukiwa umeahidiwa huduma ya dakika 30 ukakaa saa tano huku ukifokewa, ubao wao wenyewe ni shahidi wako.

Hospitalini, andika kwa msimamizi mkuu wa hospitali. Sheria ya Afya ya 2017 inampa kila mtu haki ya kulalamikia jinsi alivyotendewa kituoni na kujulishwa matokeo kwa maandishi ndani ya miezi 3. Daktari mmoja mmoja na kituo chenyewe husimamiwa na baraza la madaktari, KMPDC, na wauguzi wana baraza lao. Kwenye shule ya umma, anza na mwalimu mkuu. Kama mkosaji ni yeye, andika kwa bodi ya usimamizi na mkurugenzi wa kaunti wa TSC, tume inayoajiri walimu. Kiboko kimepigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Kwa hivyo usikubali kuambiwa "huyo mtoto alikuwa anafunzwa adabu". Hotelini au dukani ni meneja mkuu, nakala kwa wakurugenzi wa kampuni. Askari wa kaunti waliokumwagia biashara yako wanaandikiwa kupitia afisa mkuu wa idara yao, na nakala kwa katibu wa kaunti.

Barua ya kwanza iwe kwa mmoja, na nakala isizidi moja. Kuna ushauri unaozunguka mitaani wa kutuma nakala kwa ofisi kumi siku ya kwanza ili waogope. Kinachotokea ni kinyume chake: kila ofisi huona majina tisa mengine na kudhani mwenzake analishughulikia. Ombudsman naye atakuuliza kwanza kama ulilalamika kwa wenyewe na wakajibu nini.

Barua yenyewe

Ukurasa mmoja, miwili ikizidi. Kiswahili kinakubalika. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na ofisi ya umma haiwezi kukurudisha ukatafute mtu wa kukuandikia Kiingereza. Kwenye kampuni ya kibinafsi ambayo makao makuu yako Nairobi, tafsiri ya Kiingereza iliyobanwa nyuma yaweza kuokoa wiki mbili. Hiyo ni hesabu tu ya muda.

Juu weka anwani yako, simu, tarehe, cheo cha unayemwandikia, halafu kichwa kinachotaja mahali na tarehe: "KUH: MALALAMIKO KUHUSU KUTENDEWA VIBAYA KWENYE DIRISHA LA MALIPO, 14 JANUARI 2025". Kichwa kama "KUH: KUONEWA" hakimsaidii karani kujua aipeleke idara gani.

Aya ya kwanza iseme wewe ni nani na unalalamikia nini, kwa sentensi mbili. Aya ya pili ni tukio. Linganisha hizi mbili. Ya kwanza ndiyo tunayoiona kila mara:

"Mfanyakazi wenu mwenye kiburi alimdhalilisha mama yangu mgonjwa mbele ya umati bila huruma hata kidogo, jambo ambalo limetuumiza sana kama familia."

Ya pili:

"Jumanne tarehe 14 Januari 2025, saa 4:40 asubuhi, yaani 10:40, nilikuwa dirisha la malipo namba 2 pamoja na mama yangu, mwenye umri wa miaka 71, anayetembea kwa mkongojo. Mhudumu wa kiume aliyevaa shati la buluu lenye nembo yenu, bila beji ya jina, alimwambia: 'Nyie wazee wa mashamba mnatuchelewesha, simama kando.' Mama aliomba kiti. Mhudumu alisukuma kadi yake ikaanguka chini, akawahudumia watu watatu waliokuwa nyuma yetu. Tulihudumiwa saa 6:05 mchana, yaani 12:05. Risiti imeambatishwa kama Kiambatisho A."

Hakuna "kiburi", hakuna "bila huruma", na msomaji ameyaona yote mawili mwenyewe. La muhimu zaidi, kila sentensi inaweza kuchunguzwa: dirisha lipo, zamu ipo, kamera ipo, risiti ina saa. Sentensi ya kwanza mwajiri anaijibu kwa "tunasikitika kwa usumbufu". Ya pili inambidi amwite mtu ofisini.

Tenganisha ulichokiona, ulichokisikia na ulichoambiwa. Kama jirani kwenye foleni alikueleza kwamba mhudumu huyo ana tabia hiyo, andika "niliambiwa na mtu aliyekuwa kwenye foleni", au uache. Kosa moja la uvumi huwapa nafasi ya kuitilia shaka barua nzima. Wala usichanganye tukio hili na bili ya mwaka juzi, choo kichafu na maegesho. Watajibu la choo, watashukuru kwa maoni yako, na faili litafungwa.

Kisha unataka nini. Sehemu hii wengi huiacha wazi, au huandika "naomba haki itendeke". Haki ipi? Omba mambo yasiyozidi matatu, kila moja la kujibika:

1. Nijulishwe kwa maandishi kama tukio limechunguzwa, na nini kimepatikana.
2. Mama yangu aombwe radhi kwa barua.
3. Nielezwe ni utaratibu gani umewekwa ili wazee na watu wenye ulemavu wahudumiwe wakiwa wamekaa.

Kuomba mfanyakazi afutwe ni haki yako, lakini mara nyingi hufunga mlango. Mwajiri hawezi kumfuta mtu kwa barua yako bila kumsikiliza, na akiona umedai hilo tu, ataanza kujilinda yeye na mtu wake. Omba hatua za nidhamu zichukuliwe kwa mujibu wa kanuni zao, nao waseme ni zipi. Kama ulipata hasara ya pesa, itaje kwa shilingi na uweke risiti. Usitupe nambari kubwa ya fidia hewani. Wanasheria wao wataishika hiyo na kuacha mengine yote.

Funga kwa siku: "Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu kupokelewa kwa barua hii." Taja tarehe yenyewe pia. Usitishie televisheni wala watu wa mtaa. Sentensi moja yatosha: nisipopata jibu nitaliwasilisha kwa mamlaka inayosimamia taasisi hii, uitaje kwa jina. Saini, jina kamili, orodha ya viambatisho. Unaambatisha fotokopi tu. Anayetaka kuona karatasi halisi aione mkononi mwako, kisha uondoke nayo.

Kuipeleka

Chapisha nakala mbili. Moja unawaachia, ya pili inapigwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na aliyepokea anaandika jina na kutia saini. Taasisi kubwa ina dawati la rejista ambapo karani huandika barua kwenye kitabu na kuipa nambari. Nakili nambari hiyo kwenye nakala yako hapo hapo, maana ukipiga simu baada ya wiki mbili, swali la kwanza litakuwa hilo. Piga picha ukurasa uliopigwa mhuri kabla hujatoka getini.

Nenda asubuhi katikati ya wiki. Ijumaa ukifika baada ya saa tano unusu, wengi wamekwenda au wanajiandaa kwenda msikitini, na anayebaki dawati si lazima awe na mhuri.

Sanduku la maoni ukutani lisikudanganye. Halitoi risiti.

Wakikataa kupiga mhuri, na wengine hukataa kwa kusema "bosi hayupo", usigombane. Andika nyuma ya nakala yako: tarehe, saa, mahali, jina au sura ya aliyekataa, na jina la uliyekuja naye. Iache barua dawatini. Siku hiyo hiyo itume tena kwa barua pepe ya taasisi, na kwa Posta ya Digo Road kama barua ya rejista au kwa EMS, huduma ya haraka ya Posta, uhifadhi kikaratasi cha Posta. Njia mbili zenye ushahidi zinatosha kuziba mdomo wa "hatukupokea".

Kuhusu mitandao: kuweka jina na picha ya mfanyakazi Facebook au TikTok kabla ya jibu ni kumpa mwenzako kesi. Barua uliyompelekea mtu mwenye mamlaka ya kulishughulikia, kwa nia njema, ina kinga kubwa ya kisheria dhidi ya dai la kuharibiana jina. Posti ya hadharani haina kinga hiyo, na ukikosea hata jambo moja, wewe ndiwe utakayeitwa kujitetea.

Wakikuita

Simu itakuja: "Njoo tuzungumze tuyamalize huku huku." Sulhu si jambo baya, na pwani hii mengi huisha vizuri hivyo. Ila nenda na mtu mzima wa kukusikilizia, na kabla ya kwenda uliza kwa ujumbe mkutano ni wa nini na watakuwepo kina nani. Ukirudi, waandikie barua pepe jioni hiyo: "Katika kikao cha leo nilielewa kwamba mmekubali haya na haya kufikia tarehe fulani. Kama nimekosea, nisahihisheni." Wasiposahihisha, una kumbukumbu ya kikao iliyo bora kuliko yao.

Usitie saini karatasi yoyote hapo hapo, hasa inayosema umeondoa malalamiko au umepokea malipo kamili na huna dai tena. Karatasi hiyo huletwa pamoja na bahasha, na huletwa kwa haraka. Ichukue, isome nyumbani, mwonyeshe mtu anayejua sheria. Kama ni nzuri leo, itakuwa nzuri Alhamisi.

Ukiwa wewe ni mfanyakazi unayemlalamikia mwajiri

Hapa hofu ni ya kweli, basi ijue kinga yako. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kulalamika dhidi ya mwajiri si sababu halali ya kukufuta, isipokuwa ithibitike kwamba malalamiko hayakuwa na msingi. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa awe na sera ya maandishi kuhusu udhalilishaji wa kingono. Omba nakala yake kabla hujaandika, kwani ndani yake ndimo mlimo utaratibu wa kulalamika, na mwenye kuufuata hawezi kuambiwa alikosea njia. Hata kibarua wa siku wa hotelini au godauni la Changamwe ambaye amefanya kazi mfululizo mwezi mzima ana haki zaidi ya anavyoambiwa na nyapara. Kama una chama cha wafanyakazi, mpe nakala mwakilishi wako wa chama. Barua, picha na hati za malipo zihifadhi nje ya simu na kompyuta ya kazi. Siku ya kufungiwa nje huwezi kuzifikia.

Ukifutwa, malalamiko kwa ofisi ya leba yafike ndani ya miezi 3 tangu kufutwa. Mahakamani una miaka 3.

Wakinyamaza

Siku ya 15, tuma kumbusho la aya moja ukitaja tarehe na nambari ya rejista, ukiambatisha nakala yenye mhuri. Ongeza siku 7. Kisha panda ngazi; usitume kumbusho la nne na la tano.

Ofisi ya umma ikinyamaza au ikijibu kwa jeuri, CAJ hupokea malalamiko bila malipo, kwa mdomo au maandishi, na inafikiwa Mombasa. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa ofisi unapokuumiza, kwa hivyo omba sababu kwa kukitaja. Kama wanakuficha ripoti ya uchunguzi, tuma ombi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Laweza kuandikwa kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika anapaswa kusaidiwa na afisa wa ofisi hiyo. Jibu ni siku 21, au saa 48 kama linahusu uhai au uhuru wa mtu. CAJ haishughulikii duka wala hoteli ya kibinafsi. Ubaguzi na udhalilishaji huko upelekee tume ya haki za binadamu, KNCHR, ambayo nayo ina ofisi Mombasa. Hasara ya pesa isiyozidi shilingi 1,000,000 yaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo bila wakili, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60.

Kila ngazi mpya, usiandike hadithi upya. Weka barua fupi ya juu, kisha rundo lile lile kwa mfuatano wa tarehe: maandishi ya siku ya tukio, ombi la kamera, barua yenye mhuri, kumbusho, jibu lao kama lipo. Ukisimulia mara tatu kwa maneno tofauti, tofauti hizo ndizo zitakazosomwa.

Na hesabu miezi. Kuandikiana na ofisi hakusimamishi saa ya mahakama. Dai la fidia dhidi ya serikali kwa madhara uliyotendewa lina miezi 12 tu tangu tukio, na zipo ofisi zinazojua hivyo na kujibu polepole. Ukifika mwezi wa nane bado unaahidiwa, peleka faili lako kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, au kwa mashirika ya kutetea haki kama Kituo cha Sheria, MUHURI au Haki Africa. Wote wapo Mombasa, na rundo lililopangwa kwa tarehe hupunguza sana muda wanaohitaji kukwambia kama una kesi au huna.